Kompyuta Iliyokaa Eda

Kiinua mgongo changu kilikuwa hakiwezi kuinua mgongo wake chenyewe. Bawaba ya kushoto ilikuwa imekatika, na kila nilipokifunua, kioo kilirudi nyuma polepole, kama mzee aliyezidisha futari, mpaka kikalala chali juu ya meza. Dawa yake ilikuwa kukiegemeza kwenye kopo la Africafe, tena kopo lenye kahawa ndani, maana tupu lilisukumwa likaanguka nacho. Kwa hiyo faida ya kwanza niliyoipata kwa mali niliyoachiwa na mwajiri wangu ilikuwa kwenda dukani kununua kahawa ambayo nyumbani kwangu hainywi mtu. Kwetu kahawa ni ile chungu ya kwenye birika, inayonywewa barazani kwa vikombe visivyo na mkono. Ya kopo ni ya wageni, na wageni walikuwa wameshaondoka na mradi.

Mradi wenyewe siutaji jina. Mradi, kama ajuavyo kila mtu wa visiwani, ni kiumbe wa miaka mitano. Huja na gari jeupe na fulana zenye nembo, hula semina, huzaa ripoti, kisha hufa pasipo kaburi wala hitma. Kazi yangu mimi ilikuwa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki. Bwana diko wa serikali alikuwa akiandika samaki kwenye daftari lake; mimi nikaliandika daftari la bwana diko kwenye kompyuta; na huko mjini kulikuwa na mtu mwengine anayeiandika kompyuta yangu kwenye ripoti. Changu mmoja wa nusu kilo aliweza kulisha watu watatu kabla hajafika jikoni kwa mtu. Kwa miaka hiyo mitano hakuna aliyeniita jina nililopewa na wazee. Nahodha akishusha samaki alipiga ukelele, "Mwiteni Mradi aje ahesabu!" na mie nikaitika. Mke wangu akawa Mke wa Mradi. Mbuzi wetu akila kanga ya mtu, ilisemekana ni mbuzi wa Mradi, na mwenye kanga alitaka alipwe kwa dola.

Disemba ya 2023 mradi ukafa. Meneja akatukusanya ofisini, akasema maneno mazuri kuhusu bahari, kisha akanishika bega na kunionesha ile kompyuta niliyokuwa naitumia. "Hiyo chukua, ndugu yangu. Ni yako. Mungu akuzidishie." Nikamshukuru mpaka machozi yakanilengalenga. Sikuomba karatasi. Mtu anapokupa kitu na kukuombea Mungu kwa pamoja, kumdai risiti ni kama kumwambia hukuisikia dua.

Tena mimi ni Mkojani, na Kojani kitu hakifi. Kisiwa chetu ni kidogo, kimekaa kaskazini mashariki ya Pemba katika Wilaya ya Wete, na nyumba zake zimebanana hata jirani akikaanga pilipili wewe ndiye unayepiga chafya. Watu wa hapa wanajulikana kutoka Lamu mpaka Kilwa kwa uvuvi na kwa kwenda dago: mtu huchukua nyavu, sufuria na nguo mbili, akakaa miezi kwenye fukwe za watu, kisha akarudi na redio. Jarife likichakaa huwa ua wa kuku. Dumu la mafuta likikatwa ubavuni huwa upo wa kukumbia maji. Ubao wa dau lililozeeka utaukuta mlangoni kwa mtu umekuwa kizingiti, na watu wanaukanyaga bila kuuliza zamani ulimbeba nani. Basi mimi nilidhani kompyuta nayo ni ubao. Mwenye kuitumia ndiye mwenyewe.

Bahari iliwahi kutoa maoni yake kabla hatujafika nyumbani, mimi na kompyuta yangu. Tulipokuwa tunavuka, wimbi dogo tu, la kumwagia mtu miguu, liliruka likaingia ndani ya mkoba. Nikaianika juani siku mbili, nikaiwasha, ikawaka. Herufi zote zilifanya kazi isipokuwa moja, nayo ilikuwa a.

Mwingereza akipoteza a anaweza kuvumilia wiki. Mswahili hawezi kumaliza salamu. Jaribu mwenyewe kuandika "Assalamu alaikum" bila ya herufi hiyo uone kinachobaki: "sslmu likum", kama mtu anayesalimia huku ana kiazi cha moto mdomoni. Baba ni bb, mama ni mm, na sala ni sl. Sikuwahi kujua kwamba lugha yetu yote imeegemea nguzo moja, mpaka bahari ilipoing'oa.

Nikabuni ufundi. Nilinakili a moja kutoka kwenye faili la zamani, na kila nilipoihitaji nilibonyeza vitufe viwili vya kubandika. Kwa mwendo huo nikakubali kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea: kadi za mwaliko za harusi ya binti wa binamu yangu. Mimi naandika kwa vidole viwili na macho yangu huwa kwenye kibodi, siyo kwenye kioo. Katikati ya kazi nikaitwa mlangoni na mtu aliyetaka kujua ule mwaka wa pweza wengi ulikuwa upi; nikafungua jedwali la zamani, nikanakili kichwa cha safu ile, nikamjibu, nikarudi kwenye kadi na kuendelea kubandika. Nilipoinua macho, mstari wa kwanza ulisomeka hivi: "Tunpwezapendpweza kukupwezalikpweza."

Nahodha mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, alikuwa amekaa pembeni akisubiri simu yake ipate chaji. Akasogeza uso kwenye kioo, akasoma taratibu kwa kidole. "Kuku... pweza..." akasema. "Haya, harusi hiyo nakuja."

Nilipaswa kuacha hapo. Lakini mtu akishamiliki kitu lazima akioneshe, basi jioni moja nikaibeba kompyuta, kopo na yote, mpaka barazani kuwaonesha wazee picha za ngarawa nilizozipiga. Watu kumi na watano wamejazana, tunatazama picha ya jua linachwa, mara pembeni ya kioo likachomoza boksi la rangi ya bluu: "Kumbusho: kikao cha kupitia orodha ya vyombo vinavyotumia nyavu za kukokota." Nyavu za kukokota, kwa asiyejua, zimepigwa marufuku Zanzibar, na kwa anayejua, hilo si neno la kulichomoza mbele ya wavuvi kumi na watano wakati jua linachwa. Kalenda ya mradi ilikuwa haijapata taarifa ya msiba. Kimya kilitanda mpaka tukaisikia birika ikichemka.

"Kwani orodha hiyo iko humo?" akauliza mtu.

Ilikuwemo. Nilikuwa sijaifuta, na nakiri kwamba hilo lilikuwa kosa langu mimi. Data za watu si nyavu za kufugia kuku. Nikaapa nitaifuta usiku ule ule, nami nikaifuta. Hasira niliyoitegemea haikuja. Kilichonifika kilikuwa kibaya zaidi: mzee mmoja alininunia wiki nzima baada ya kujua kwamba chombo chake hakimo. "Miaka mitano unakaa pale dikoni," aliniambia siku aliponisamehe, "ina maana hukuniona?"

Sasa nije kwenye usiku wa tarehe 21 Januari 2024, ambao Kojani kuna watu bado wananihesabia.

Taifa Stars walikuwa San-Pédro, Ivory Coast, wanacheza na Zambia katika fainali za Mataifa ya Afrika. Tanzania ilikuwa imeshafika fainali hizo mara mbili kabla ya hapo, mwaka 1980 na mwaka 2019, na haikuwa imeshinda hata mechi moja. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Umeme wetu Pemba tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya ukiwa chini ya bahari, mtu hana hata nguzo ya kuitazama kwa hasira. Simu za vijana zilikuwa zimekwisha chaji. Kilichobaki kijijini kilikuwa kompyuta yangu, betri la boti la nahodha, inveta ya kuazima na bando la simu yangu. Nikaiweka juu ya pipa, kopo la Africafe nyuma yake. Sitaji idadi ya watu, ila niseme tu kwamba waliokaa nyuma walikuwa juu ya ukuta wa jirani.

Dakika ya 11 Msuva wetu akafunga. Ukuta wa jirani ukapungua tofali mbili. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi. Kipindi cha pili kilikwenda kwa dua. Kuna mtu alikuwa anahesabu dakika kwa tasbihi. Na mahali fulani baada ya dakika ya sabini likachomoza boksi chini ya kioo. Sikulisoma, kwa sababu lilifunika tangazo tu, na mtoto aliyekaa mbele akabonyeza "Sawa" ili liondoke. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba kompyuta iliwekewa amri na mwajiri: ikikusanya masasisho, humuarifu mtumiaji, humpa robo saa, kisha hujizima na kujiwasha yenyewe. Ofisini ni utaratibu mzuri sana. Mtu huenda kunywa chai.

Kioo kikawa bluu. Duara la vitone likaanza kuzunguka. "Tunasasisha. Usizime kompyuta yako."

Hakuna aliyeizima. Tulisimama watu wote tukitazama asilimia zikipanda kama tunavyotazama maji yakijaa: nne, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, thelathini. Kijana mmoja alianza kushangilia ilipofika sitini, kwa mazoea tu. Iliporudi, nikaingiza paswedi kwa mikono inayotetemeka, nikafungua tena mpira, mechi imekwisha na ubao unasema moja kwa moja. Daka wa Zambia alikuwa amesawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Kojani hakuna aliyeliona goli lile, na jambo lisiloonwa na mtu lazima litafutiwe mwenyewe. Asubuhi dikoni nilipokewa na sauti tulivu kabisa: "Mradi, hivi Zambia walikulipa shilingi ngapi?"

Nikaamua kompyuta iachishwe kazi. Nikapanda chombo, nikapanda gari, mpaka kwa fundi mmoja Chake Chake, nikamwambia afute kila kitu, aioshe iwe kama mtoto mchanga. Akaifuta. Nikarudi nayo nyumbani, nikaiwasha. Ikaniuliza lugha, ikaniuliza nchi, ikaniuliza mtandao. Nikaiunganisha na simu. Ikafikiri kidogo, kisha kioo kizima kikajaa nembo ya mradi na maneno ya kunikaribisha kazini, ikitaka baruapepe ya ofisi na paswedi. Baruapepe yangu ya ofisi ilikufa na ofisi. Nikarudi Chake. Akafuta tena. Nembo ikarudi tena. Mara ya tatu fundi akabadilisha na diski yenyewe, na nembo ikaja ikiwa safi zaidi, nadhani kwa sababu diski ilikuwa mpya.

"Yakhe," akaniambia, "hii ina mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe ni mimi, akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba mashirika siku hizi husajili namba ya utambulisho wa mashine yenyewe, inayotokana na vifaa vilivyomo ndani, kwenye seva iliyo mbali huko. Ufute, usifute, ubadilishe diski, siku ikishika mtandao kwa mara ya kwanza inauliza, "Mimi ni wa nani?" na seva inajibu, "Wewe ni wa fulani." Mwenye kuiondoa kwenye orodha ni fulani huyo huyo. Kujaribu kuingiza mfumo mwengine kwa fleshi nako kulishindikana, kwa sababu mradi uliweka paswedi hata mahali pale ambapo mashine inaamka kabla haijajijua. Akanidai elfu thelathini, akanipa pole.

Barazani suala lilijadiliwa kwa uzito unaostahiki. Maalim anayetusomeshea watoto alisikiliza maelezo yote, akavua miwani.

"Sasa huyo kaachwa au hakuachwa?" akauliza.

"Nani, maalim?"

"Huyo kompyuta. Mume alimwacha kwa tamko? Kwa maandishi? Walikuwepo mashahidi?"

Nikasema meneja alitamka "chukua, ni yako", na mashahidi walikuwepo lakini walikuwa wanagombea viti. Maalim akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, inafanana sana na talaka rejea. Katika talaka rejea mke hukaa eda, na kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea wakati wowote, bila ndoa mpya, bila kumuuliza mtu. "Na huyu wako, kila akitoka nje akashika mtandao, mume anamrejea. Mbona jambo liko wazi."

Mwengine akapinga. Mradi haukuacha, mradi umekufa. Basi huyo ni mjane, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Wakabishana mpaka adhana. Mimi niliyekuwa nimeshindwa na kila fundi nilijikuta nahesabu kwa vidole: kufa kwa mradi, mwisho wa Disemba, miezi minne ya mwandamo na siku kumi, inaangukia mwanzoni mwa Mei 2024. Nikaifunga kompyuta kwenye kanga, nikaiweka juu kwenye kabati la nguo. Nisieleweke vibaya, nilikuwa sina hela ya fundi wala fikra nyengine. Mke wangu alinitazama nikiipangia nafasi.

"Ina maana," akasema, "mashine ina haki ya eda, na mie sina haki ya kabati?"

Bibi yangu naye, aliyekuwa amekaa mkekani, aliwahi kunisikia nikiiita kwa jina la vitabuni, kompyuta mpakato, na tangu siku hiyo hakuniachia. "Hujampakata mwanao wa mwisho hata siku moja, wapakata bati." Ukweli ni kwamba jina hilo ndilo bora katika majina tuliyopewa. Wataalamu wetu wa istilahi walishawahi kuipendekezea kompyuta jina la ngamizi, na Wakenya wanayo tarakilishi. Tarakilishi ni ya msomi. Lakini ngamizi, neno lililozaliwa nyumba moja na maangamizi, nilikuwa sijalielewa mpaka usiku ule wa Zambia.

Mei ikafika. Wazee waliokuwa upande wa ujane walikuja kushuhudia. Nikaifungua kanga, nikaiegemeza, nikaiwasha, nikaiunganisha. Nembo ya mradi ikatokea, na safari hii mwanga wake ulinifika mpaka moyoni.

"Basi mume hajafa," akasema maalim, akanyanyuka. "Mtafute."

Nilimtafuta. Meneja alikuwa Lindi, kwenye mradi mwengine, hai na mwenye afya, na aliponipigia alistaajabu kwelikweli: kumbe bado haijafunguliwa? Tatizo, alisema, ni kwamba orodha inatunzwa makao makuu, Ulaya, na wao wanataka uthibitisho wa maandishi kwamba mali ilikabidhiwa kwangu na iko mikononi mwangu. Nikamkumbusha dua. Akasema dua anaikumbuka, ila fomu haina nafasi yake.

Zanzibar ukitakiwa uthibitisho wa maandishi wa jambo lolote chini ya jua, unakwenda kwa sheha. Sheha ana barua ya utambulisho moja, anayoijua kwa moyo, ya watoto wa skuli, ya wagonjwa, ya wanaofuata kitambulisho. Akaniandikia hapo hapo huku tunazungumza mambo ya karafuu, na nilipofika nyumbani ndipo niliposoma vizuri. Ilisema anayetajwa hapo juu, mwenye namba ifuatayo, ni mkaazi halali wa shehia yake tangu Januari 2024, anaishi nyumbani kwangu, na tabia yake ni njema. Nikafikiria kurudi akaibadilishe. Kisha nikaona kwamba hakuna neno la uongo ndani yake isipokuwa hilo la tabia. Nikaipiga picha, nikaituma Lindi, Lindi ikaituma Ulaya.

Wiki zikapita. Sikukuu ya Mfungo Tatu ami yangu alikuja kututembelea kutoka Kilifi. Yeye alikwenda dago huko akiwa kijana, akaoa, akakaa. Na kama Wapemba wengi wa pwani ya Kenya aliishi miaka na miaka bila karatasi yoyote inayosema yeye ni wa wapi. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ikaitambua jamii ya Wapemba, naye akapata kitambulisho chake. Alikuja nacho shingoni, ndani ya mfuko wa nailoni, kama hirizi. Nilimsimulia habari ya kompyuta inayokataliwa na kukatazwa, akanisikiliza kwa makini kuliko fundi, kuliko meneja, kuliko maalim.

"Mie nimevua kule miaka arubaini," akasema. "Kila askari akinisimamisha mimi ni mgeni. Hiyo yako ina miaka mingapi?"

"Minane, ami."

"Ina haraka basi." Akaigonga kwa kidole, kwa upole, kama anavyogonga mtu mlango wa mgonjwa. "Iambie ina thelathini na miwili mbele."

Haikuhitaji yote. Januari ya 2025 nikapata ujumbe kutoka Lindi: imeondolewa. Chini yake aliniandikia na ile paswedi ya mahali mashine inapoamkia, iliyomshinda fundi wa Chake na fleshi zake zote, iliyonigharimu mwaka mzima. Ilikuwa neno "karibu", ikifuatiwa na moja, mbili, tatu.

Basi nikaishi nayo vizuri. Niliandika kadi zaidi, nikaweka hesabu za mnada za nahodha, watoto wakasomea. Herufi a niliendelea kuibandika, ila sasa nainua macho kila neno la pili. Tukafika Oktoba 2025, nikaanza kusoma kwamba tarehe 14 ya mwezi huo Windows 10 inafika mwisho wa kuhudumiwa, haitaletewa tena marekebisho ya usalama ya kawaida, na kwamba Windows 11 inataka mashine yenye kichakataji kipya zaidi na kifaa maalumu cha usalama cha toleo la pili. Yangu haikufaa. Huyu bibi ametoka edani, ameoga, amejifukiza udi, anafungua mlango anaambiwa umri umepita.

Aliyeniokoa ni kijana wa mtaa wa pili anayesoma chuo kikuu cha SUZA. Alikuja na fleshi shingoni mahali ambapo ami alikuwa na kitambulisho, akaniambia ataniwekea Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni la huko kusini, na maana yake ndiyo huu utu wetu. Nikamwambia mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na kwamba mimi niliwahi kuiona. Akanijibu, "Kweli, mzee?" kwa sauti ile wanayotumia vijana tukiwaambia tuliwahi kupanda meli ya mvuke.

Kazi ilikwenda upesi. Mfumo ukauliza lugha, ukauliza saa za wapi, ukashika mtandao. Nilizuia pumzi. Hakuna nembo. Hakuna aliyemrejea. Kisha ukauliza jina la mwenyewe, na hapo nilikuwa nimekwenda kumpokea mke wangu kikapu mlangoni. Kijana hakuona haja ya kunisubiri. Jina langu analijua tangu anatambaa, kwa hiyo aliliandika kama analolijua, upesi upesi, vidole kumi, macho kwenye simu yake, akabonyeza endelea, na endelea, na endelea.

Ilipowaka tulikuwa watatu mbele yake, mimi, kijana na nahodha aliyekuja kufuata hesabu zake za mnada. Kioo kikatulia juu ya kopo lake la kahawa, kikatoa rangi ya zambarau, na katikati, peke yake, jina la mwenye mali: mrdi.

Kijana akajishika kichwa. Akasema jina hilo kulibadilisha baadaye kuna kazi, labda aanze upya. Nahodha alilisoma kwa kidole, mara mbili, kisha akaniwekea mkono begani.

"Liache," akasema. "Ungeliandika wewe ingekuwa mrpwezadi."